Merikani: kitambaa kilichohama, jina likabaki

Wadau, mnaosema kung'ang'ania nembo ni ugonjwa wa vijana wa siku hizi, ngojeni kidogo. Mababu walikuwa wagumu kuliko sisi!

Mkataba wa Marekani na Seyyid Said ulisainiwa 1833, na meli za Salem, Massachusetts, zikawa zinaleta Unguja majora ya pamba isiyopaushwa. Watu wakaiita merikani. Ikapanda na misafara hadi Ujiji, na huko bara kitambaa ndiyo ilikuwa hela: hongo kwa mtemi, posho ya wapagazi, yote kwa kitambaa. Sasa fikiria umetembeza mzigo miezi mitatu, halafu unaambiwa "hiki sisi hatuvai". Umekwisha! Kwenye shanga ndiyo balaa zaidi, maana rangi iliyopendwa huku ilikataliwa kule. Kwa hiyo tajiri wa pwani alilazimika kuulizia kwanza.

Roommate wangu anasema hayo ni maringo tu. Mimi nabisha: merikani ilikuwa nzito na ilidumu, watu walijua wanacholipia.

Ila vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, 1861–1865, vikaadimisha pamba yao. Wakaingia Waingereza, baadaye viwanda vya Bombay. Na kitambaa cha Bombay nacho kikaitwa merikani! Kama mimi dukani: naomba Colgate, napewa dawa ya meno ya kampuni nyingine kabisa, naondoka zangu nimeridhika.