Bwana Msa Naye Akosee?

Mwaka 1960 Muhammed Said Abdulla wa Unguja alitutolea Mzimu wa Watu wa Kale, iliyokuwa imeshinda mashindano ya uandishi ya 1957-58. Bwana Msa na kiko chake. Kando Najum, akikisia ndivyo sivyo. Hapo ndipo palipokuwa na kicheko. Vikafika vitabu sita, hadi 1976, kisha kimya.

Mwaka 1984 kikaja cha saba: Kosa la Bwana Msa. Loo! Msomaji wa siku nyingi angekosaje kushtuka na jina hilo? Kukosea si kazi ya Najum? Kwangu mimi, mwandishi alifanya vyema. Tulikwisha kuwa wavivu, tukingoja Bwana Msa atufumbulie. Sasa kila neno lake ilibidi tulipime wenyewe.