Picha zimejaa kwenye kompyuta? Programu hizi 3 za bure zitakusaidia

Simu ikijaa, wengi huhamishia picha kwenye kompyuta na kuziacha humo humo. Miaka miwili baadaye, kuitafuta picha moja ya harusi ya dada kati ya faili 6,000 zenye majina kama IMG_2043 inakuwa kazi ya siku nzima.

Programu za kumaliza tatizo hilo zipo, na ni bure. Kabla ya kupakua, jiulize: unataka kufungua picha haraka tu, au kuzipanga uzipate baadaye?

IrfanView
Ipo tangu 1996 na inatumika kwenye Windows pekee. Ni nyepesi, inafungua picha fasta hata kwenye kompyuta ya zamani. Pia inapunguza ukubwa wa picha kibao, au kubadili majina yake, kwa mkupuo mmoja. Kupanga maktaba kubwa si kazi yake.

XnView MP
Inatumika kwenye Windows, Mac na Linux, na inasoma aina zaidi ya 500 za faili. Unaona folda zako zote, unazipa picha nyota na kutafuta zinazojirudia.

digiKam
Hii ndiyo ya kupanga hasa. Unaweka lebo, unapanga kwa tarehe au mahali, na inatambua sura za watu. Nayo inatumika kwenye Windows, Mac na Linux, ila ni nzito. Kompyuta yenye RAM ndogo itasuasua.

Bure kwa nani?
IrfanView na XnView MP ni bure kwa matumizi binafsi. Ukizitumia kwenye studio yako ya picha, unatakiwa kununua leseni. digiKam ni programu huria, bure hata kwa biashara.

Funzo la Picasa
Machi 2016, Google iliacha kuihudumia Picasa, programu iliyopendwa sana kwa kazi hii. Picha za watu zilibaki salama, lakini albamu walizopanga kwa miaka zilitunzwa na programu yenyewe, si ndani ya picha. Waliohamia programu nyingine walijikuta wakipanga upya.

Ili yasikukute, andika lebo ndani ya faili za picha. digiKam inaweza kufanya hivyo: fungua mipangilio, sehemu ya metadata, uhakikishe chaguo la kuhifadhi lebo kwenye picha limewashwa. Ukibadili programu kesho, lebo zinahama pamoja na picha.

Kabla hujaanza
Pakua kutoka tovuti rasmi ya programu husika, kwani kwingine unaweza kubeba na virusi. Kisha weka nakala ya picha zote kwenye diski ya nje. Programu hizi hufanya kazi na picha zako halisi, hivyo ukifuta picha humo, umefuta faili yenyewe.