Kitako cha Gumegume: Mbao na Maneno katika Historia ya Usukuma

Bunduki za kale zilizofika Unyamwezi na Usukuma katika karne ya 19 aghalabu hutajwa kwa jina moja: gobori. Kwa mwindaji jina hilo latosha, kwani laeleza silaha inayoshindiliwa baruti na risasi mdomoni mwa mtutu. Kwa mwanahistoria halitoshi.

Kiswahili cha zama zile kilipambanua zaidi. Gumegume ilikuwa bunduki iliyowashwa kwa cheche za jiwe. Fataki ilikuwa kikofia cha shaba chenye kulipuka, kilichovishwa kifa na kugongwa kwa nyundo. Mdeki ulikuwa ufito wa kushindilia. Majeshi ya Ulaya yalipohamia fataki katika miaka ya 1830 na 1840, gumegume nyingi hazikutupwa, zilibadilishwa. Zilipopitwa na bunduki za kupakiwa nyuma, ziliuzwa, na kwa njia ya Unguja zikafika Tabora na nchi ya Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884.

Mabadiliko hayo husomeka katika mbao. Iwapo bunduki ina nyundo ya fataki, lakini mbao iliyo kando ya tundu la moto imeungua, yaelekea ilizaliwa gumegume. Mfereji wa mdeki ukikatika ghafla, mbao imefupishwa. Ngozi iliyovishwa mbichi shingoni mwa kitako, ikakauka na kukaza, ni ushahidi wa kuvunjika na kutengenezwa.

Ni nani aliyetengeneza? Ukanda wa Geita, kabla ya kujulikana kwa migodi ya dhahabu, ulikuwa jirani ya Warongo wa Uzinza, wahunzi waliosifika kwa majembe. Kwa hiyo bamba la chuma kwenye kitako kilichopatikana Geita au Shinyanga lisihesabiwe upesi kuwa kazi ya Ulaya.

Tofauti ya majina ilikuwa pia na uzito wa kisheria. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa, ukaziachia nafasi gumegume zenye mtutu laini. Anayeandika “gobori” pekee katika daftari la makumbusho hufuta mpaka huo, na anayepiga msasa kitako ili king'ae hufuta ushahidi wenyewe. Mbao ikishaparuzwa na neno likishasahauliwa, hakuna kamusi itakayorejesha habari za mkono ulioitengeneza silaha hiyo.