Kutoka Buffelsfontein Hadi Kwenye Simu Yako: Historia ya Mita 300

Ramani za Tanzania na Kenya za kipimo cha 1:50,000, zile ambazo wapima ardhi, wanajeshi na wanajiolojia wamezitegemea kwa miongo mingi, hesabu zake zinaanzia mbali sana na Afrika Mashariki. Chimbuko lake ni Buffelsfontein, karibu na Port Elizabeth, Afrika Kusini. Kutoka hapo latitudo na longitudo zilipandishwa kilima kwa kilima hadi ikweta. Simu iliyo mfukoni mwako haina habari na Buffelsfontein. Yenyewe huhesabu kutoka kwenye kitovu cha dunia. Ndiyo maana bikoni moja, iliyochimbiwa ardhini na isiyosogea, inaweza kuwa na kodineti mbili zinazopishana kwa takriban mita 300, na zote mbili zikawa sahihi.

Aliyeanzisha safari hii ni David Gill, Mskoti aliyeshika uongozi wa kituo cha unajimu cha Cape Town mwaka 1879. Gill alitaka mnyororo wa pembetatu ufuate longitudo ya nyuzi 30 mashariki, kutoka kusini mwa Afrika hadi Cairo, kisha uungane na ule ambao mnajimu Struve alikwisha kuupima kutoka Norway hadi Bahari Nyeusi. Alichokuwa akikitafuta ni umbo halisi la dunia. Dunia si tufe kamili. Imebonyea kidogo kwenye ncha zake, na mabingwa wa kila taifa walikadiria mbonyeo huo kivyao. Kwa Afrika, Waingereza walishika makadirio ya Alexander Ross Clarke ya mwaka 1880, yanayosema kwamba kutoka kitovu hadi ikweta ni mita 6,378,249.

Kazi yenyewe ilikuwa ya jasho. Mstari mmoja wa msingi ulipimwa kwenye uwanda kwa uangalifu mkubwa, kisha wapimaji wakapanda vilele na kupima pembe tu kwa theodolaiti, wakilenga vioo vilivyomulika jua kutoka kilele cha mbali. Umbali uliobaki ulipatikana kwa hesabu. Uganda ilipimwa mwaka 1908 na 1909, mara baada ya tume ya mpaka wake na Kongo. Mpaka huo una kisa chake. Wakubwa wa Ulaya walikuwa wameuchora mezani kwa kutumia longitudo hiyohiyo ya 30 kabla ya mtu yeyote kujua inapita wapi hasa. Ilipopimwa, ikaonekana haipo walipoichora, na mwaka 1910 ikabidi wakutane Brussels kupatana upya. Watu wa maeneo yale hawakuulizwa, si mara ya kwanza wala ya pili.

Zamu ya Tanganyika ilifika kati ya 1931 na 1933, chini ya Martin Hotine, ofisa wa jeshi la Uingereza ambaye mwaka 1946 alikabidhiwa idara mpya ya kupima makoloni yote. Ramani zilizotokana na kazi hiyo zinamtaja mchapishaji na mwaka, lakini wapagazi waliopandisha vyombo vile vizito vilimani hazimtaji hata mmoja. Pengo la mwisho, lililokuwa Sudan, lilizibwa na Wamarekani mwaka 1954. Gill alikuwa amefariki miaka 40 kabla.

Mnyororo ulipokamilika, namba zilipigiwa hesabu upya. Za Afrika Mashariki zilipewa jina la Arc 1960. Zambia na majirani zake wa kusini walibaki na hesabu ya awali, Arc 1950, kwa hiyo mtu anayeunganisha ramani za pande mbili za mpaka pale Tunduma anashughulika na mifumo miwili mahali pamoja. Habari hizi zimechapishwa wazi pembeni mwa kila karatasi, kwa herufi ndogo: Clarke 1880, Arc 1960, UTM, kanda namba fulani. Hiyo kanda nayo ina mtego wake. UTM hukata dunia vipande 60 vya nyuzi sita sita, na kila kipande huanza kuhesabu upya. Kigoma iko kanda ya 35, Dodoma ya 36, Dar es Salaam ya 37. Kodineti isiyotaja kanda inaweza kuwa ya kanda yoyote kati ya hizo.

Mapinduzi yaliletwa na makombora na setilaiti. Jeshi la Marekani lilihitaji mfumo mmoja wa dunia nzima, na baada ya matoleo kadhaa likafikia WGS84, ambao kitovu chake ni kitovu cha uzito wa dunia na umbali kutoka hapo hadi ikweta ni mita 6,378,137. GPS hufanya kazi juu yake. Mwezi Mei mwaka 2000 Marekani iliacha kuharibu kwa makusudi usahihi wa mawimbi ya kiraia, na hapo tofauti ya mifumo ikajitokeza mchana kweupe kwa kila aliyeshika kifaa.

Kubadili kodineti kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, kimsingi, ni hivi. Latitudo na longitudo za Arc 1960 hugeuzwa kuwa umbali wa mita kwenye mihimili mitatu inayokutana kitovuni. Kisha huongezwa namba tatu: −160, −6 na −302. Jibu linarudishwa kuwa latitudo na longitudo, safari hii kwa umbo la WGS84. Kwenye gridi, namba ya kaskazini ya Dar es Salaam hupungua kwa kama mita 300, na ya mashariki huongezeka kwa karibu mita 100. Programu hufanya yote kwa kubofya, mradi uiambie ukweli kwa namba ya mfumo: 21037 ni Arc 1960 kanda ya 37 kusini, 32737 ni WGS84 kanda hiyohiyo.

Lakini namba zile tatu ni wastani wa eneo kubwa, na zinaweza kukosea kwa makumi ya mita. Zinamfaa anayetafuta kijiji, si anayegombea ukuta na jirani. Kwa kiwanja, mpimaji anatakiwa apime bikoni za zamani za jirani kwa mfumo mpya, apate tofauti ya pale pale. Tanzania sasa ina fremu yake ya kisasa, TAREF11, inayofanya kazi hiyo iwezekane.

Madhara yake si ya vitabuni. Eneo la mraba la hekta 10 la mchimbaji mdogo lina ubavu wa mita 316. Akiingiza kodineti za Arc 1960 kwenye simu bila kuzibadili, atachimba karibu lote nje ya mpaka wake, na pengine ndani ya mpaka wa mwenzake.

Naona ni uzembe usiovumilika ofisi yoyote kutoa kodineti za ardhi ya mtu bila kutaja mfumo na kanda. Nawe unayenunua shamba au kiwanja, kabla hujatoa fedha, muulize mpimaji maswali mawili: namba hizi ni za Arc 1960 au WGS84, na ni kanda ya ngapi? Majibu yake yaandikwe kwenye karatasi ileile yenye namba.