Amri za Wisconsin, Neno la Washington

Usiku wa Machi 10, 1854, maofisa wa serikali ya shirikisho ya Marekani walivamia kibanda karibu na Racine, jimboni Wisconsin, wakampiga na kumtia pingu Joshua Glover, mtumwa aliyetoroka Missouri. Kesho yake umati ulivunja mlango wa jela ya Milwaukee, ukamtoa. Glover alivushwa hadi Kanada, akaishi huko akiwa mtu huru mpaka alipofariki mwaka 1888.

Aliyebaki kujibu mashtaka ni Sherman Booth, mhariri wa gazeti lililopinga utumwa, aliyewaita watu wakusanyike. Alishikwa kwa Sheria ya Watumwa Watoro ya 1850. Majaji wa jimbo wakatoa amri ya kale inayomlazimu anayemshikilia mtu kumleta mahakamani na kueleza anamshikilia kwa haki gani. Walipopima majibu, walitamka kwamba sheria hiyo inavunja katiba, maana ilimnyima anayedaiwa kuwa mtumwa mtoro kesi mbele ya jopo la wananchi. Booth akaachiwa.

Januari 1855 mahakama ya shirikisho ikamhukumu kifungo cha mwezi mmoja na faini ya dola 1,000. Jimbo likamfungua tena. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipotaka kumbukumbu za kesi, majaji wa Wisconsin walimwagiza karani wao asijibu kitu. Ulikuwa ujasiri wa kipekee, na kwangu mimi wale majaji walisimama upande wa haki.

Jibu lilikuja Machi 1859, kwa kalamu ya Jaji Mkuu Roger Taney, yule yule aliyeandika miaka miwili kabla kwamba Mmarekani mweusi hawezi kuwa raia. Majaji wote walikubaliana naye: mahakama ya jimbo haina mamlaka ya kumfungua mfungwa wa shirikisho, la sivyo sheria moja ya nchi ingekufa katika jimbo hili na kuishi katika lile. Hoja ni nzito. Kinachouma ni kwamba ilitumika kuwalinda wenye watumwa. Mwaka 1872 kanuni hiyo ilithibitishwa upya, katika kesi ya askari kijana, naye pia wa Wisconsin.

Karibu miaka mia baada ya hukumu ya Taney, kanuni ile ile iliwafaa wajukuu wa watumwa. Agosti 29, 1957, mahakama ya jimbo la Arkansas ilizuia wanafunzi weusi kuingia shule ya Central, mjini Little Rock. Siku ya pili jaji wa shirikisho, Ronald Davies, aliifuta amri hiyo. Gavana Orval Faubus akapeleka wanajeshi wa jimbo kuwazuia watoto tisa. Rais Eisenhower akapeleka jeshi la nchi kuwaingiza.

Septemba 12, 1958, Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi wake, na Septemba 29 majaji wote tisa wakatia saini kwa pamoja maelezo ya hukumu yaliyoikumbusha Arkansas kesi ya Booth: hakuna jimbo linaloweza kubatilisha amri ya mahakama ya shirikisho. Faubus alikuwa ameshaujibu uamuzi wa Septemba 12 kwa kufunga shule za sekondari za Little Rock, na zikabaki zimefungwa mwaka mzima wa masomo.