Pebble

Pebble ni eneo lenye mbale ya shaba, dhahabu na molibdeni kusini-magharibi mwa Alaska, Marekani, karibu na ziwa Iliamna. Ni kati ya hazina kubwa zaidi duniani za aina yake ambazo hazijachimbwa. Miaka milioni 90 hivi iliyopita, miamba ya moto iliyoyeyuka ilipenya ndani ya miamba ya mashapo. Maji moto yenye chumvi na metali yakapita katika nyufa na kuacha madini ya kalkopiriti, piriti na molibdeniti, yakiwa na dhahabu ndani yake. Upande wa mashariki ulifunikwa baadaye na miamba michanga, hivyo juu ya ardhi hauonyeshi dalili yoyote.

Kampuni ya Cominco iligundua eneo hilo mwishoni mwa miaka ya 1980, ikivutwa na miamba yenye rangi ya kutu. Kampuni ya Northern Dynasty iliingia mwaka 2001, na mwaka 2005 uchorongaji wake ukafikia sehemu ya mashariki, iliyo na mbale bora zaidi. Kampuni ya Anglo American ilishiriki kuanzia 2007 hadi 2013.

Kikwazo kikuu cha uchimbaji ni maji: mito ya hapo humwagikia ghuba ya Bristol, penye uvuvi mkubwa kuliko wote duniani wa samoni wekundu. Mwaka 2020 kibali cha mgodi kilikataliwa, na Januari 2023 mamlaka ya mazingira ya Marekani ikapiga marufuku utupaji wa taka za mgodi huo katika maji ya eneo hilo.