Joto la Difu

Mtu anapokwenda kununua gari, jambo la kwanza hufungua boneti. Huitazama injini, huisikiliza inavyonguruma, huigusa rejeta na kuuliza habari za maji na oili. Ni wachache mno wanaoinama nyuma kulitazama lile bonge la chuma lililo kati ya magurudumu mawili, ambalo mafundi wetu huliita difu. Hata hivyo, katika gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, nguvu zote za injini hazina njia nyingine ya kufikia barabara ila kupitia hapo. Nataka kusimulia jinsi bonge hilo lilivyofikia kupewa rejeta yake lenyewe, na kwa nini jambo hilo lilichelewa.

Tuanze na kazi yake. Watoto wa shule wakipiga gwaride na safu ikageuka, yule wa ukingo wa nje hupiga hatua ndefu, na yule wa ndani hukanyaga karibu papo hapo. Gurudumu nalo ni hivyo hivyo. Gari likikata kona, gurudumu la nje husafiri mwendo mrefu kuliko la ndani. Yakifungwa pamoja kwenye mtaimbo mmoja, moja lazima liburuzwe. Mfaransa Onésiphore Pecqueur aliandikisha ufumbuzi wake mwaka 1828, kwa ajili ya gari la mvuke: meno yanayogawa mzunguko ili kila gurudumu lipate kwenda kwa kadiri yake. Mwaka 1877, Mwingereza James Starley alitumia wazo hilo katika baiskeli za magurudumu matatu, na gari la kwanza la Karl Benz, la miaka ya 1885 na 1886, lilikuwa na difu.

Benz alitumia minyororo kupeleka nguvu magurudumuni. Mwaka 1898 Louis Renault alitengeneza gari dogo lililotumia shafti badala ya mnyororo, na mtindo huo ndio ulioenea. Difu ikakaa kwenye ekseli ya nyuma, imefungiwa ndani ya nyumba ya chuma pamoja na mafuta yake. Faida zilikuwa dhahiri: vumbi halikuingia, mafuta hayakumwagika, kelele zikapungua. Lakini kitu kilichofungiwa hakipumui vizuri. Joto linalozaliwa ndani hutoka kwa njia moja tu, nayo ni kupita kwenye mafuta, kisha kwenye chuma, hadi kwenye upepo wa nje.

Mnamo 1926 kampuni ya Packard ya Marekani ilileta meno ya namna mpya yaliyotokana na kazi ya kiwanda cha Gleason, mjini Rochester. Katika mpango huo pinioni hukaa chini ya katikati ya krauni. Kwa hiyo shafti ilishuka, na sakafu ya gari ikashuka nayo. Gari likawa tulivu zaidi na difu ikapunguza kelele. Bei yake ilikuwa nini? Meno hayo hayabingiriani tu, bali huteleza moja juu ya jingine. Sugua viganja vyako asubuhi ya baridi, utaelewa habari yote. Mafuta ya zamani hayakuweza kustahimili msuguano huo, ikabidi yatengenezwe mengine yenye dawa kama salfa.

Kila hatua ya kuongeza uimara iliongeza joto pia. Katika miaka ya 1930 Ferdinand Porsche, aliyebuni magari ya mashindano ya Auto Union, aliona gurudumu moja likizunguka bure kwa wingi wa nguvu. Kampuni ya ZF ikatengeneza difu inayozuia upotevu huo kwa kubana na kusugua. Mwaka 1957 Ford ilitoa difu yake mashuhuri ya inchi 9, ambayo pinioni yake imeshuka chini sana. Ilikuwa imara ajabu, ila msuguano wake ni mkubwa kuliko wa nyingine nyingi. Magari ya mashindano ya NASCAR yaliitumia kwa miongo mingi, na katika mbio ndefu yalifungwa pampu na rejeta ya kuipoza.

Sasa tufanye hesabu kidogo, maana mwalimu hata akistaafu haachi chaki. Tuseme injini inatoa kilowati 300, na difu inapoteza sehemu 3 tu katika kila 100. Hizo ni kilowati 9. Ni sawa na kuwasha pasi tisa za wati 1,000 ndani ya bonge lenye mafuta ya lita moja au mbili! Gari la kawaida katika safari ya kawaida hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu zake, na upepo hutosha kulipoza. Lakini gari la mashindano likikimbizwa kwa nusu saa bila kupumzika, joto huingia upesi kuliko linavyotoka. Mafuta huwa mepesi kama maji, utando wake kati ya meno hukatika, sili hukauka, na beringi huanza kulia.

Ndiyo maana viwanda vyenyewe vilianza kufunga kipozeo cha difu katika magari yao yenye nguvu. Chevrolet Camaro ZL1 ya mwaka 2012 ilikuwa nacho, na Shelby GT500 ya mwaka 2013 ilikipata kwa mnunuzi aliyechagua vifaa vya uwanja wa mbio. Mwenye gari lisilo nacho huweza kukiongeza. Pampu ya umeme huvuta mafuta kutoka chini ya difu, huyapitisha kwenye chujio na rejeta ndogo iliyowekwa penye upepo, kisha huyarudisha ndani. Swichi ya joto huizuia pampu isifanye kazi mafuta yakiwa bado baridi na mazito.

Mpwa wangu, anayependa mashindano ya magari, alitaka kukifunga. Alikuwa na fedha mkononi, na sehemu ya fedha hizo ilikuwa ya mabati ya nyumba ya mama yake, yaani dada yangu. Alinijia na kusema, “Mjomba, difu itakufa.” Nikamwuliza, “Umeipima?” Hakuwa ameipima. Akafunga kipimajoto kwanza, kitu cha bei ndogo. Katika mashindano mawili mshale haukuvuka nyuzi 100. Akabadilisha mafuta ya difu, na mabati yakapanda juu ya nyumba kabla ya masika.

Mwaka uliofuata aliongeza nguvu za injini na akaingia mbio ndefu zaidi. Mshale ukapita 130. Safari hii hakuna aliyembishia. Alifunga pampu na rejeta, akaongeza mafuta ya kujaza mabomba mapya, na nikafurahi kuona ameyakinga mabomba hayo kwa bati nene. Barabara zetu za changarawe hurusha mawe, na bomba moja likitoboka, difu huweza kukauka kabla dereva hajajua. Kifaa kilichowekwa kuiokoa ndicho kingeiua.

Nikiitazama historia hii simwoni mjinga hata mmoja ndani yake. Renault alifungia difu kwa sababu nzuri. Packard walishusha shafti kwa sababu nzuri. Waliotaka nguvu na uimara nao walikuwa na haki. Kila suluhisho lilizaa joto lake, na miaka mingi ikapita kabla magari yanayouzwa kwa watu kupewa dawa yake. Katika miaka yangu ya kuongoza shule nimewaona watu wa namna ya difu: mtunza stoo, mpishi, mwalimu wa zamu, ambao mzigo wote hupita mikononi mwao nasi tukawasifu wa mbele. Hawapigi kelele mpaka wamekwisha kuumia. Wala si kila mmoja wao anahitaji msaidizi. Wengine wanahitaji mapumziko tu. Lakini atakayejua tofauti hiyo ni yule aliyekwenda nyuma akapima.